Wa Tatu Kutoka Kushoto

Kamera niliipata Njiro, kwenye nyumba ambayo niliitwa kupakia mizigo. Mwenye nyumba alikuwa anahamishwa kikazi kwenda mkoa mwingine, na mimi na wenzangu wawili tulishinda siku mbili tukitoa makochi, makabati na majiko. Siku ya pili, tukiwa stoo, nikaona mfuko mweusi juu ya rafu, umejaa vumbi. Mimi mfuko uliofungwa siwezi kuupita bila kuuliza.

"Bosi, humu kuna nini?"

"Kamera. Ya zamani hiyo, siku hizi napiga na simu."

"Inafanya kazi?"

"Mara ya mwisho ilifanya."

Nikamwambia anipe hiyo badala ya ujira wangu. Aliniangalia kama anayetaka kuhakikisha sijalewa, kisha akasema sawa, chukua, na chaja yake hiyo hapo. Wenzangu walicheka mpaka wakaliweka kochi chini.

"Kwa hiyo jioni utakula kamera?" mmoja aliniuliza. "Utaichemsha au utaikaanga?"

Hawakunielewa, na sikuwalaumu. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa na kazi moja zaidi ya miezi michache. Nimebeba mizigo ya watalii mlima Meru, nimeziba pancha, nimechanganya zege Olasiti, nimelinda geti. Kila kazi nikishaielewa inavyokwenda, miguu inaanza kuwasha. Dada yangu mkubwa, ambaye nakaa kwake Lemara kwenye chumba cha uani, huniita mgeni wa kuomba moto, kwa sababu anayeomba moto haketi.

Usiku ule niliiweka chaji, na asubuhi nikaiwasha. Nikatia jicho kwenye kidirisha cha nyuma. Giza. Nikazungusha kila kinachozungushwa. Giza. Nikaanza kumlaani yule bosi wa Njiro, mpaka mpwa wangu, binti wa dada, aliyekuwa anaosha vyombo bombani, akasema, "Anko, hapo mbele si pana kifuniko?"

Nilipokitoa, uwanja wetu wote ukaingia jichoni kwa mkupuo. Sikuwa nimetegemea hilo. Nimezoea simu, ambayo unaangalia kioo na kwenye kioo unaona picha ya kitu. Hapa nilikuwa naangalia kitu chenyewe. Mpwa wangu alipoinua sufuria nilimwona palepale, bila kuchelewa hata kidogo. Nilipobonyeza, ndani kukatoka sauti ya kitu kinachoruka na kurudi mahali pake, kah-chak, na mkono wangu ukausikia mruko ule. Nikabonyeza tena ili niusikie tu. Baadaye niliondoa lenzi nikachungulia ndani: kuna kioo kidogo kimelala mshazari, na picha inapopigwa kinanyanyuka kupisha mwanga. Nilikaa na jambo hilo kutwa nzima. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeonyeshwa siri bila kuiomba.

Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, plastiki tupu, na mkononi ilishikika vizuri kama mpini wa panga lililotumika sana. Juu ilikuwa na gurudumu dogo lenye michoro: kichwa cha mwanamke, ua, mtu anayekimbia, mlima. Ule mlima ulinifurahisha. Niliamini kabisa kuwa aliyeitengeneza aliwahi kufika Arusha. Nikaweka hapo, nikapanda juu ya tangi la maji la jirani, nikaupiga Meru ukiwa umevua mawingu, saa moja na nusu asubuhi. Kisha kwa udadisi nikaweka alama ya ua, nikaupiga mlima uleule. Ulitoka uleule. Nikaweka ya mtu anayekimbia. Mlima haukukimbia. Wiki nzima nilikuwa hivyo, nabadilisha kitu kimoja, napiga, naangalia kilichobadilika. Menyu zilikuwa za Kiingereza na Kiingereza changu ni cha kubebea mizigo, lakini ukibonyeza kitu mara ishirini kinakuambia chenyewe kazi yake.

Ndani ya mfuko kulikuwa na lenzi mbili. Moja ilikuwa ndefu kidogo, inavuta karibu na kurudisha mbali. Nyingine ilikuwa fupi, haivuti, ukitaka karibu unatembea kwa miguu yako. Nilidharau ile fupi mpaka jioni moja nilipompiga nayo jogoo wa jirani. Mwanga ulikuwa umekwisha karibu wote, lakini jogoo alitoka kila unyoya mahali pake, na nyuma yake, pale zilipoanikwa nguo, hapakuwa na nguo. Palikuwa na ukungu laini wa rangi, kama moshi wa maziwa. Nikambandika dada ile picha usoni.

"Nguo zangu zimekwenda wapi?" akauliza.

"Zimeyeyuka. Ndiyo utamu wenyewe."

"Na ukipiga watu kumi, tisa watayeyuka?"

Nilicheka. Swali lile lilikuwa la maana kuliko nilivyojua, lakini wakati huo nilikuwa nimempenda jogoo.

Siku tatu kabla ya kipaimara cha mpwa wangu, dada alikuja uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mpiga picha aliyekubaliana naye alikuwa amepata familia nyingine yenye sherehe kubwa, na Jumapili ya kipaimara mji mzima hupati mpiga picha, wote wamekamatwa. Kanisani nako wazee wa usharika walikuwa wametangaza: simu zote zibaki mifukoni, watasimama wapiga picha wenye kamera tu, upande mmoja, bila flashi.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. Hakulisema kwa furaha.

"Nipo, dada."

"Sikiliza. Sherehe piga, usipige, shauri yako. Keki, mashangazi, hata mbuzi mpige. Mimi nataka moja tu. Mwanangu amepiga magoti na mkono wa mchungaji uko kichwani kwake. Hiyo moja."

Nilijua kwa nini. Dada alipata kipaimara kule kwetu, kwenye miteremko ya Meru, na siku hiyo alikuja mpiga picha wa mkanda, akapiga watoto wote, akachukua nusu ya malipo kwa kila mzazi, akashuka mjini kusafisha picha. Hakupanda tena. Mama yetu alikuwa akisikia pikipiki anatoka nje kuangalia. Mpaka leo dada hana kitu cha kuonyesha kuwa alipiga magoti siku ile.

"Na usiniambie ndiyo, halafu Jumamosi nisikie umeenda Babati," aliongeza.

"Siendi popote."

Jumamosi nilimsindikiza mpwa wangu kwenye mazoezi. Watoto walipangwa wanane wanane mbele ya madhabahu, na yeye kwenye kundi lake alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Nilisimama pale nitakaposimama kesho, karibu na nguzo, nikapima mwanga. Kanisa lilikuwa na giza kidogo, na ile lenzi ndefu ilitoa picha za matope. Ile fupi ilitoa picha safi. Basi, fupi. Nikarudi nyumbani natembea kama mtu mwenye ofisi.

Jumapili walikuja wamevaa majoho meupe mpaka kwenye vifundo vya miguu. Wasichana walijifunga vitambaa vyeupe kichwani, na chini ya vitambaa, kwa kuwa ni wanafunzi, vichwa vyote vilikuwa vimenyolewa. Ukiwaona kwa nyuma walikuwa kama mayai kwenye trei. Tulisimama wapiga picha wanne pembeni ya nguzo. Mzee wa kanisa mwenye koti la kahawia alituonya kwa kidole, "Asivuke mtu zulia hili. Hata kama ni mwanao anapaa mbinguni, mpige ukiwa hapohapo."

Kundi la mpwa wangu likaitwa. Wakasogea, wakapiga magoti, migongo kwetu. Mimi jicho nilikuwa nimeshalitia kwenye kidirisha. Ndani ya kidirisha kuna vidoti, na kimoja ukikichagua kinawaka chekundu mahali ambapo picha itakuwa kali. Nilikuwa nimejifunza hilo Alhamisi na nilikuwa najivunia. Mchungaji akaanza na wa kwanza. Nikahesabu wa tatu kutoka kushoto, nikaweka kidoti changu kwenye kitambaa chake, nikashika pumzi. Mchungaji akaenda kwa wa pili, akamwekea mkono, akamtamkia neno lake la Biblia. Mimi niko na wa tatu, nangoja. Akafika. Mkono ukashuka. Kah-chak. Nikaangalia kwenye kioo cha nyuma, na sijawahi kufanya kitu kizuri hivyo maishani mwangu. Mkono wa mchungaji unaonekana mpaka mishipa. Mwanga wa dirisha umekaa kwenye mikunjo ya joho. Soli za viatu zinatutazama kwa adabu. Mpiga picha aliyekuwa kando yangu, mtu mzima mwenye mikanda miwili ya kamera shingoni, alichungulia akaniambia, "Kijana, umeua."

Nyumbani kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, pilau, ndizi nyama, na loshoro ile ya mahindi na maziwa mgando ambayo wajomba hawaendi sherehe bila kuiulizia. Watu walipokwisha kula nikamfuata dada alipokuwa anagawa soda, nikamwonyesha. Alijifuta mikono kwenye khanga, akaishika kamera kwa mikono miwili. Alitabasamu. Kisha tabasamu likasimama palepale usoni, halikuongezeka wala halikuondoka.

"Huyu nani?"

"Dada, nani tena? Mwanao."

"Hivi siyo viatu vya mwanangu."

Nikakuza picha. Soli zilikuwa mpya, hazijaguswa na barabara, na kwenye soli ya kulia bado kulikuwa na kibandiko cheupe chenye namba ya saizi.

"Mwanangu viatu vyake nilivipeleka mwenyewe kwa fundi," dada alisema taratibu. "Soli zake ni za tairi. Nimezishonesha kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha."

Tukamwita mpwa wangu. Alikuja na keki mdomoni, akaangalia.

"Huyo ni mwenzangu, anko. Anasoma na mimi. Mimi si nilikuwa wa pili!"

"Jana ulikuwa wa tatu!"

"Yule wa mwanzo joho lake lilikuwa refu, mzee wa kanisa akampeleka mwisho asije akajikwaa. Tukasogea wote. Wewe hukuona?"

Sikuona. Mkono wa mchungaji ulipokuwa kichwani kwa mpwa wangu, mimi nilikuwa nimeelekeza kidoti kwa jirani yake, nimeshika pumzi. Nilitafuta kwenye kadi picha zote za asubuhi ile. Mpwa wangu alikuwepo kwenye moja tu, hiyohiyo, pembeni kushoto, bega kwa bega na mwenzake. Lakini kwa kuwa nilipiga kutoka pembeni, hakuwa umbali mmoja na kidoti, na lenzi fupi ilikuwa imemfanya vile ilivyozifanya nguo za dada. Alikuwa weupe tu, umbo la mtu lililoyeyuka.

Dada alinirudishia kamera, akaenda jikoni.

Nitasema ukweli: niliangalia geti. Nguo zangu zinaingia kwenye begi moja, na sehemu nyingi nimeziacha kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini turubai lilikuwa limejaa ndugu, na kutoka ningepita mbele yao wote nikiwa na kamera shingoni. Nikaingia jikoni. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria la pilau, haligusi.

"Nisamehe, dada."

"Unamjua mama wa huyo mtoto?"

"Simjui."

"Alikaa kando yangu kwenye benchi. Ameshuka asubuhi kutoka kule juu, karibu na msitu. Mtoto anakaa kwa ndugu hapa kwa ajili ya shule. Aliniuliza, dada, yule mwenye kamera ni wa kwenu? Nikasema ndiyo, mdogo wangu. Akasema, naomba aninasie na wangu, hata moja. Unajua nilimjibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Nilimwambia, mama, huyu ndugu yangu ndiyo anajifunza, nimempa mtoto mmoja tu, nikimpa wawili atachanganya."

Alinitazama. Kitu fulani kikaanza kumtekenya puani. Alijaribu kukizuia kwa ncha ya khanga, kikamshinda, akacheka mpaka akashika ukuta, na machozi yakawa yanatoka, na sikuweza kujua ni ya kicheko peke yake au la. Nami nikacheka kwa woga.

"Usicheke wewe," alisema. "Mimi nacheka, wewe bado. Kesho kaichapishe hiyo picha, kubwa, umpelekee mama yake. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Asingojee hata siku mbili."

Jumatatu mchana nilikuwa napanda kwenda kule juu. Mpwa wangu alikuwa amenielekeza: ukishaacha lami, fuata mfereji mpaka kwenye shule, halafu uliza. Barabara ilikuwa na utelezi wa mvua, nikaitembea karibu yote kwa miguu, bahasha ndani ya shati. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva. Nilimkuta yule mama nyuma ya nyumba, amevaa buti za mpira, anamkatia ng'ombe mgomba kwa panga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Wewe siye yule wa kamera?"

"Ndiye. Nimekuletea picha ya binti."

Panga likashuka. "Picha ya nani?"

"Ya binti yako. Akiwekewa mkono."

"Subiri," alisema, na nilipoitoa bahasha akarudi nyuma kama nimemnyooshea kaa la moto. "Subiri kwanza."

Akanawa mikono na uso, akavua buti, akaingia ndani. Nikangoja na ng'ombe. Alikaa muda wa kutosha kuchemsha chai, kisha akatoka amevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi na kilemba chake, viatu vya kanisani miguuni, akaleta viti viwili, akakaa kimoja. Ndipo akanyoosha mikono.

Aliiangalia picha. Uso wa mtoto hauonekani kwenye picha ile, ni mgongo, kitambaa, mkono wa mchungaji na soli. Nilianza kuogopa kwamba atauliza huyu nitamjuaje. Badala yake akapiga paja.

"Kibandiko!" alisema. "Nilikiacha makusudi! Nilimwambia vikikubana, mwanangu, nivirudishe dukani Jumatatu. Sasa kanisa zima limesoma namba ya mguu wake."

"Vilimbana?"

"Vilimbana, lakini anasema havirudi."

Akaniuliza ilikuwaje nikampiga wa kwake, kwani dada yangu alikataa. Nikamweleza yote, joho refu, kusogezwa, kidoti chekundu. Sikujipunguzia. Alisikiliza huku ameiweka picha mapajani, amelaza kiganja hewani juu yake bila kuigusa.

"Kwa hiyo yeye hana."

"Ana hii." Nikamwonyesha na kidole ule weupe wa pembeni.

Aliinama, akausogelea. "Maskini," alisema. Kisha akanyanyuka na gauni lake hilohilo la kitenge, akachukua panga, akaniangushia mkungu wa ndizi ambao nilipaswa kuubeba begani mpaka barabarani. "Mwambie dada yako sikumchukulia vibaya. Hata mimi ningesema vilevile. Mtu mwenyewe ulikuwa unahangaika na hiyo mashine kama unayemkamua ng'ombe mgeni."

Nyumbani, dada alinisimulisha mara mbili. Alitaka kila kitu: gauni lilikuwa la rangi gani, alisema nini kwanza, alikaa au alisimama. Nilipofika kwenye kibandiko akacheka tena, safari hii kicheko kizima. Aliugeuza ule mkungu, akauhesabu vichane, akasema hizi ni za kukaanga. Halafu, akiwa bado amenipa mgongo, akasema, "Na ile nyingine?"

"Ipi?"

"Yangu. Kata huyo mwenzake, ubakishe wangu, uchapishe."

"Dada, haionekani kitu pale."

"Kwako."

Kwenye studio mjini, msichana wa kompyuta aliikata nilivyomwambia, akasita na kidole juu ya kitufe. "Kaka, hii imeharibika. Huna nyingine nikuchagulie?" Nikamwambia ndiyo hiyohiyo. Alipandisha mabega, akaichapisha.

Dada aliipeleka dirishani. Niliikaribia nikaitazama naye, na kwa mara ya kwanza sikuwa naangalia kama ni kali au la. Wale wengine kwenye mstari, ukirudi kwenye picha nzima, walikuwa wameinamisha vichwa wakingoja zamu. Huyu mmoja alikuwa ameanza kuinua shingo.

"Unaona?" dada alisema. "Ameshawekewa. Mkono umetoka kwake sasa hivi tu."

Akamwita binti yake aje. Mpwa wangu alikuja na daftari mkononi, akaishika picha, akaigeuza huku na huku.

"Mama, hili wingu ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe," dada alisema, akampokonya kabla hajaikunja. "Hapo umeshabarikiwa."